Nafasi ya Mguu Mmoja

Kabla sijamsifu shemeji yangu, acha niseme ukweli unaoniuma: mimi nilikuwa miongoni mwa waliompinga, tena kwa mdomo mpana. Watu wanaosimulia habari zake siku hizi hujiweka upande wake tangu mwanzo. Waongo wote. Ukiwasikiliza utadhani uwanja mzima wa matofali ulikuwa nyuma yake ukipiga makofi. Siku alipokuwa peke yake mimi nilikuwapo, na niliona nani alimtazama usoni na nani aliinama akatazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilitazama vidole.

Yeye ni mke wa kaka yangu. Uwanjani wanamwita Kalibu, kwa jina la kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako kinachojazwa tope likatoka tofali. Alipewa jina hilo kwa sababu tofali lake halikuwahi kupinda. Ni mwanamke mfupi, ana mabega ya mpagazi na ulimi ambao ukikuparuza leo, kidonda unakiuguza wiki nzima. Mimi uwanjani naitwa Bosi, na jina hilo sikupewa kwa heshima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina nguvu za kuvunja mlango, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye gogo nje ya geti la uwanja tangu asubuhi hadi jioni pamoja na vijana wenzangu watano, tukingoja mtu aitwe. Hakuna aliyeitwa. Basi tukakaa kibosi, na katika wote sita mimi ndiye niliyejua kukaa.

Tuliishi watu watano katika vyumba viwili: kaka, shemeji, watoto wao wawili na mimi. Vyumba vilikuwa kwenye safu moja ndefu ndani ya uwanja, mali ya tajiri mwenye tanuri. Chumba nilicholala mimi kilikuwa pia jiko na stoo ya makoleo. Safu ilikuwa na familia saba, na familia zote saba zilifanya kazi ile ile. Baba anachimba udongo na kuukanyaga mpaka ulainike. Mama anafyatua, yaani anajaza tope kwenye kalibu, anasawazisha kwa ubao, anageuza na kuliacha tofali chini kwenye mchanga. Watoto wanageuza yaliyokwisha kulala.

Katika kugeuza ndimo ilimokuwa siri ya kazi nzima. Tofali bichi likilala ubavu mmoja muda mrefu, juu linakauka na chini linabaki tope, mwishowe linapinda au linapasuka. Lazima ligeuzwe, na ligeuzwe tena. Na matofali yetu tulikuwa tunayapanga yamebanana, safu ubavuni mwa safu, kutoka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, maana sehemu ya kuanikia ilikuwa finyu. Ukitaka kuyafikia ya katikati, sharti upite juu ya mengine. Mtu mzima akipita anavunja. Mtoto mwepesi anapita. Ndiyo maana kila uwanja ulihitaji watoto. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo tulivyoambiana.

Binti wa kaka, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa mwepesi kuliko wote. Walimwita Unyoya. Aliweza kutembea juu ya matofali yaliyofyatuliwa asubuhi hiyo hiyo asiache hata alama ya kidole, na sisi watu wazima tulimshangilia kwa kipaji hicho. Mdogo wake wa kiume, wa miaka saba, ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa.

Sentensi inayofuata inanitia haya, lakini nitaiandika. Mimi mtu mzima nilikuwa nakaa kwenye gogo nje ya geti huku watoto wa kaka yangu wakifanya kazi ndani ya geti, na jioni tulikula pamoja kutoka sufuria ambayo wao waliichangia na mimi sikuichangia. Wala sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani kazi hakuna. Kumbe kazi ilikuwapo, ila ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawajaota hata meno yote ya ukubwani.

Kisha likaja tangazo la serikali: mtoto asionekane mahali pa kazi, na uwanja utakaokutwa naye utafungwa. Tajiri wetu hakutaharuki. Alikuwa mtu wa maneno laini. Hata siku ya kukukata ujira hukuuliza kwanza mama yako anaendeleaje. Aliposikia kwamba afisa wa kazi yuko njiani, aliwaita wazazi akawaeleza kwa upole kwamba uwanja ukifungwa wote watalala nje, na kwamba tanuri lilikuwa tupu, limepakuliwa jana yake. Watoto wakae humo kidogo. Wazazi wakatazamana, wakakubali. Shemeji naye alikubali, hilo hajawahi kulificha. Ikabaki kumpata mtu wa kuziba mlango wa tanuri kwa matofali.

Tajiri alikuja mwenyewe getini. "Bosi," aliniita, "njoo, kuna kazi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa baada ya karibu mwaka. Nilikimbia.

Watoto kumi na wanne waliingia wakicheka, wakidhani ni mchezo. Ndani kulikuwa bado na joto na majivu yalikuwa yanapeperuka. Nilipanga tofali juu ya tofali mpaka sauti zao zikafifia, nikafuta mikono, nikajiona fundi. Afisa alifika, akaletewa kiti na soda, akanywa taratibu kama mtu ambaye hana nyumbani. Akazunguka uwanja. Akaligonga tanuri kwa kalamu yake na kuuliza linachukua matofali mangapi. "Elfu arobaini, mheshimiwa," tajiri alijibu. Afisa akaandika, akaaga, akaenda zake.

Nilipobomoa mlango, watoto walitoka hawacheki. Walikuwa weusi kwa majivu, macho mekundu, wanapumua kwa midomo. Unyoya alikuwa wa mwisho. Alikuwa amembeba mdogo wake, na kiganja chake kilikuwa bado kimeufunika mdomo wa yule mtoto.

"Mama," alisema, "alikuwa anataka kukohoa. Nikamziba."

Mtoto alikuwa amelegea na midomo yake imegeuka rangi. Shemeji alimpokonya, akampigapiga mgongoni, akampuliza usoni, akamwita, mpaka mtoto akakohoa na kulia kwa sauti. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Akina mama wengine sita walikuwa wamesimama pale wakitazama. Shemeji akainua uso akanitazama mimi, niliyekuwa na vumbi la ule mlango mikononi, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Jioni hiyo, sote tukiwa tumekaa mbele ya mlango, alitangaza bila kuuliza mtu. "Kesho watoto wanaenda shule. Kwenye tofali hawarudi."

Kaka yangu ni mtu mpole, akihofu jambo hukuna shingo. Akakuna shingo. "Mama watoto, nani atageuza?"

"Mimi na wewe."

"Tutavunja."

"Basi tutavunja."

Hapo nikaingiza mdomo wangu. "Shemeji, sikiliza. Jambo limetokea mara moja, limepita. Ukiwatoa hawa, sufuria itapungua nusu. Unataka tufe njaa kwa sababu ya hasira ya siku moja?"

"Shemeji," alinijibu, tena kwa sauti ya chini, "siku utakayogeuza tofali moja kwa mkono wako, siku hiyo njoo unishauri. Leo kula ulale."

Nilikula nikalala, lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Asubuhi aliwashika watoto mikono, mmoja huku na mwingine huku, akatoka nao getini akiwa na tope la jana kwenye kanga yake. Akina mama wengine walikuwa wameiona ile midomo ya mtoto kama yeye alivyoiona. Siku ya pili watatu wakamfuata. Wiki haikuisha, watoto wote kumi na wanne walikuwa darasani, na baba zao walikuwa wamevimba kwa hasira, na mimi kwenye gogo nilikuwa nawachochea. Hicho ndicho nilichosema nitakikiri.

Tajiri hakukataza, maana afisa alikuwa na tabia ya kurudi. Alikuja akasimama mbele ya safu ya vyumba, akaulizia afya za wazee wetu, kisha akasema lililomleta. "Mimi na shule hatuna ugomvi. Lakini mkandarasi ameagiza tanuri zima, na lazima lijae ndani ya wiki sita ili lichomwe na kupoa kabla ya malori yake. Elfu arobaini. Mkifikisha wenyewe, hongereni, watoto wasome. Msipofikisha, ama watoto warudi kazini, ama mniachie vyumba. Wako watu wanavitaka, na watoto wanao."

Kwa maneno hayo kila mtu alijua anasimama wapi. Wiki sita. Tanuri likijaa, Unyoya na wenzake wanabaki shuleni. Lisipojaa, wanarudi kugeuza matofali, au sote tunalala barabarani.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa aibu tupu. Kaka alijaribu kupita juu ya matofali kwa ncha za vidole, mikono ameitanua, na kila hatua ililia pwaa. Wakalaza ubao mrefu ili watembee juu yake. Ubao ukaponda safu nzima kwa mara moja, imenyooka kama imepigwa rula. Wengine walijaribu kugeuza kwa fimbo ndefu kutoka pembeni, wakawa wanayachoma matofali kama wanaua nyoka. Nusu ya kilichofyatuliwa asubuhi kilirudi kuwa tope jioni. Na kwa kuwa ujira wetu ulihesabiwa kwa kila elfu ya matofali mazima, sufuria ilipungua kama nilivyotabiri. Nilitabiri tena mara nyingi, kwa sauti, kila mlo.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mjane wa chumba cha mwisho. Yeye hakuwa na mume wa kukanyaga udongo. Alikuwa na watoto watatu, na hao ndio waliokuwa mikono yake. Wiki ya pili alikuja kwa shemeji, akasimama mlangoni hataki kuketi. "Kalibu, mimi nakupenda," alisema, "lakini keshokutwa wangu wanarudi. Siwezi kuwasomesha wakiwa na njaa."

Shemeji alimwambia, "Nipe mpaka Jumapili." Niliona kwamba hata yeye hajui Jumapili atampa nini. Kaka naye alikuwa amekwisha kusema kwamba Jumatatu watoto wake nao watarudi kwenye tofali.

Jumapili hiyo uwanja ulikuwa kimya, hakuna aliyefyatua. Nilikuwa nimejilaza kivulini nikasikia naitwa. Shemeji alikuwa amechuchumaa peke yake katikati ya sehemu ya kuanikia, mbele yake kuna matofali mawili mabichi aliyoyafyatua muda ule ule.

"Shemeji, vua kiatu."

"Kwa nini?"

"Vua, bwana. Kwani kimegandia?"

Nikavua. Naomba ieleweke kwamba nina miguu mikubwa. Fundi viatu akiniona huwa anatazama kwanza ngozi aliyonayo kama itatosha. Shemeji aliushika mguu wangu kama anashika kuni, akauweka chini katikati ya yale matofali mawili, akayasogeza mpaka yakaugusa huku na huku. Akachora mchangani mstari wa kulia na mstari wa kushoto.

"Haya. Wewe unasema watoto wanahitajika. Kwa nini?"

"Kwa sababu matofali yamebanana, mtu mzima hapiti."

"Na yamebanana kwa nini?"

"Ndivyo yanavyopangwa," nikasema.

"Yamebanana kwa sababu watoto wapo!" Alisimama ghafla, macho yanamwaka. "Aliyekuwa anapita ni mtoto, asiyehitaji njia, basi hakuna aliyejisumbua kuacha njia. Angekuwa anageuza mtu mwenye kwato kama hizi zako, siku ya kwanza tu wangemwachia pa kukanyaga. Tangu wazee wetu tunasema kazi hii haiwezekani bila watoto, kumbe sisi wenyewe ndio tumeipanga isiwezekane!"

Nilibaki nimesimama mguu mmoja wazi, kiatu mkononi. Sijui kama umewahi kuambiwa jambo rahisi namna hiyo, ukaona kichwa chako kizima kinahama mahali pake. Mimi ambaye kila siku nilikuwa na maneno, nilisema neno moja tu: "Loo."

Njia ziliachwa, lakini njia zinakula ardhi, na ardhi ndiyo iliyokuwa finyu. Nyuma ya uwanja kulikuwa na kilima cha vipande, yaani matofali yote yaliyowahi kuvunjika tangu uwanja uanze, kimekalia theluthi nzima ya eneo. Kilikuwa kikubwa kuliko safu ya vyumba vyetu na kilinizidi umri. Kilikuwapo hapo tukakizoea, hakuna aliyekihesabu kuwa ni ardhi. Shemeji alikitazama, akatoka mpaka getini, akasimama mbele ya gogo letu na mikono kiunoni.

"Nyinyi sita. Si mnangoja kuitwa?"

"Ndiyo," tukasema.

"Haya, nimewaita."

Tajiri alisema hatatoa hata senti moja ya kuondoa takataka. Shemeji akamjibu hajamwomba. Mtaa wa pili ulikuwa na matope kila ua, watu wanaruka madimbwi kwenda msalani. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anataka kifusi cha kujazia ua wake. Wote walitaka. Tulisomba kwa mikokoteni, wenye nyua wakatulipa, na hizo ndizo zilizokuwa fedha zangu za kwanza za jasho baada ya mwaka mzima. Siku ya kwanza malengelenge, ya pili damu, ya tatu nililia nikiwa nyuma ya kilima ili wasinione, nikamkuta mwenzangu naye yuko huko huko analia. Siku ya tisa ardhi ilikuwa wazi na tambarare, na tulisimama tukiitazama kana kwamba tumeiumba sisi.

Kaka alichonga ubao kwa kipimo cha ile michoro ya mchangani, akaandika juu yake kwa mkaa MGUU WA BOSI, na kila familia ikachonga wa kwake. Unafyatua, unaweka ubao, unafyatua tena. Kati ya safu na safu ikabaki njia ya kupita mtu mwenye mguu kama wangu, maana yake mtu yeyote duniani. Mjane alipewa mimi. Nilimkanyagia udongo na kumgeuzia matofali, tukagawana kilichopatikana, na watoto wake hawakutoka darasani hata siku moja. Wale wenzangu watano waligawanywa kwa familia nyingine.

Kisha yakaja matokeo ambayo hata Kalibu mwenyewe hakuyategemea. Mtoto aliyekuwa ameinama juu ya matofali aligeuza kwa vidole vya mkono mmoja huku akijizuia asianguke, na kona zikakatika. Mtu mzima aliyesimama imara ardhini anashika kwa mikono yote miwili, anageuza, analiweka taratibu. Zamani kila elfu moja tulitupa mia moja na hamsini kwenye kilima. Sasa hayakufika ishirini. Udongo ni ule ule, kuni zile zile, jua lile lile, na matofali yakaanza kutuzidi. Tulijua kwamba watoto walikuwa wa bei nafuu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba walikuwa wa hasara.

Lakini tulikuwa tumepoteza wiki karibu nne, na tanuri halijali sababu. Wiki ya mwisho hatukuwa watu. Nilisahau kupiga domo. Kaka alisahau kukuna shingo. Siku moja kabla ya zile wiki sita kwisha, tulikuwa tunapakia tanuri kwa mnyororo, mkono kwa mkono, wanaume kwa wanawake, tofali linatoka uwanjani linafika juu bila kugusa chini, na karani wa tajiri anahesabu kwa sauti. Elfu thelathini na nane. Thelathini na tisa. Saa tisa alasiri karani alinyamaza, akatazama daftari lake, akalitazama tena.

"Arobaini," alisema. "Na huku chini bado yapo."

Siwezi kueleza kelele zilizopigwa. Mjane alinirukia shingoni nikaanguka naye. Kaka yangu, mtu mpole yule, alivua shati akalizungusha hewani akikimbia kwenye zile njia kati ya safu, hakuvunja hata tofali moja. Tulikuwa tumeshinda, na kila mtu alimtafuta Kalibu ili ambebe.

Kalibu alikuwa ameketi mbele ya mdomo wa tanuri, pale pa kuingizia kuni, ameegemea ukuta.

Tajiri alikuja akitabasamu, akaulizia mama zetu wote. "Hongera sana, hongera. Haya, washeni moto."

"Tutawasha," shemeji alisema. "Kwanza tuzungumze bei ya elfu."

Shangwe ilikatika. "Bei ni ile ile," tajiri alisema.

"Ile ilikuwa bei ya baba, mama na watoto wawili. Ulikuwa unanunua mikono minane kwa ujira wa minne, kwa kuwa ile mingine ilikuwa midogo na haikuwa na mdomo. Leo ni watu wazima watupu. Tunataka iongezwe nusu."

"Nusu!" Tajiri alisahau upole wake wote. "Huo moto utawashwa leo, na kama si nyinyi nitatafuta wengine."

"Katafute."

Tajiri akageuka kutazama getini. Ndivyo matajiri wa matofali walivyofanya siku zote ukiwabania; wanatazama getini tu, na wewe unaelewa. Gogo lilikuwa tupu. Sisi sita tulikuwa tumesimama nyuma ya shemeji yangu, tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Zamani ukinikataa mimi," shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, "ulikuwa unachukua watoto watatu wa mwenzangu kwa ujira wangu mmoja. Ndiyo maana nilikuwa nanyamaza. Leo watoto wako shule na vijana wa getini hao hapo nyuma yangu. Utamchukua nani?"

Akageuka akatutazama mmoja mmoja. Nilimtazama usoni, safari hii sikutazama vidole. Kwa woga na kwa fahari nilisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya tajiri: "Mimi huyu simwachi." Kaka akasema vivyo hivyo. Mjane akasema. Ikapita mstari mzima.

Tajiri si mjinga. Alitazama tanuri lililojaa, akatazama mahali kilipokuwa kile kilima cha vipande, na nilimwona akipiga hesabu za udongo usiotupwa na kuni zisizochomwa bure. Kisha akasema, "Nusu. Lakini nje msiseme kwamba nimelazimishwa."

Hatukusema. Mpaka leo anawasimulia wenzake kwamba kuacha njia kati ya safu ni wazo lake, na sisi tunamwacha ajifurahishe. Viwanja vya jirani vilileta watu kupima ile nafasi. Wafanyakazi wao nao wakauliza kwa nini bei ya elfu kwetu ni kubwa, na matajiri wao wakajikuta wanatazama magetini ambako hakuna mtu. Uwanja baada ya uwanja, watoto wakatoka na watu wazima wakaingia. Shemeji yangu hajapata cheti wala picha ukutani. Bado anafyatua, bado tofali lake halipindi, na bado ananiparuza.

Mimi nimepanga chumba changu ng'ambo ya barabara, ili kile cha zamani watoto wapate pa kusomea. Asubuhi ya kwanza nikitoka huko nilikuwa natembea kwa mwendo wangu wa siku zote, na nikakutana nao barabarani, wote kumi na wanne, wamebeba madaftari, wao wanatoka getini na mimi nakwenda. Unyoya alikuwa mbele amemshika mdogo wake mkono. Aliponiona alisimama, akakunja uso kama mama yake.

"Baba mdogo! Kimbia, utachelewa kazini!"

Miaka ishirini na sita nilikuwa nimeishi duniani, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimechelewa mahali. Nikakimbia, nacheka na machozi yananitoka, mtu mzima mbele za watoto, na wao nyuma yangu wananipigia makofi.